Ongea, Shemeji: Kumbukumbu ya Komredi wa Kiwanda cha Ngozi

Wasikilizaji wapendwa, nianze na uvumi. Sikupanga kuanza nao, lakini umenikaa kichwani wiki ya tatu sasa na haunitoki. Nimeusikia bombani. Nimeusikia kwa fundi viatu. Nimeusikia hata kwenye ngazi za kituo chetu hiki, nikipanda kuja kuzungumza nanyi. Uvumi wenyewe unasema hivi: kwamba wale mashemeji wawili wa kiwanda cha ngozi walibishana mambo ya ujamaa na ubepari mpaka wakakunjana mashati, wakasukumana, wakatumbukia kwenye shimo la tope. Mmoja akafa. Mmoja akatoka.

Aliyekufa ni yule tuliyezoea kumwita Komredi. Aliyetoka ni shemeji yake, msimamizi wa zamu, yule wafanyakazi wanayemwita Mnyapara.

Nirudie kwa anayefungua redio sasa hivi. Komredi amefariki. Amefia kwenye shimo la tope la kiwanda cha ngozi, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Leo tunamkumbuka yeye.

Na mimi nina la kukiri kabla sijasogea mbele. Uvumi ule niliuamini. Tena niliupokea nikaupeleka kwa mwingine. Nilikuwa naanika nguo, nikamwambia jirani yangu, "Si unawajua wale? Siasa zao ndizo zilizowaponza." Nilisema kwa kinywa hiki hiki. Binti yangu alikuwa ndani. Binti yangu ni fundi wa pampu kiwandani humo humo, na kazi amefundishwa na Komredi mwenyewe. Alitoka, akasimama mlangoni, akanitazama. Alikuwa hajasema kitu tangu Jumanne ile. Akarudi ndani, akafunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Angeubamiza ule mlango ningelala. Kwa namna alivyoufunga polepole, nilijua nimesema jambo baya sana.

Kwa hiyo nimezunguka. Nimekaa na mjane. Nimekaa na mlinzi wa lango. Nimekaa na Mnyapara mwenyewe, kitandani kwake, anakohoa. Shule yangu mimi iliishia msingi, mambo ya gesi na mitambo nimeelezwa kama mtoto, na nitawaeleza vilevile nilivyoelezwa. Mkiona narudia rudia, nivumilieni. Nataka mtu asikose.

Komredi alizaliwa na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Alikuwa wa nne kati ya watoto sita. Alianza kiwandani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, wakati ule kiwanda kikiwa bado cha umma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukwangua nyama na mafuta kwenye ngozi mbichi. Wanaoijua kazi ile wanajua. Chokaa inakula vidole. Harufu inakufuata mpaka kwenye shuka. Mjane anasema alipoanza kuposwa, mama yake mzazi alimwuliza, "Huyu kijana wako ananuka hivi siku zote, au ni leo tu?" Naye akajibu, "Leo ameoga, mama."

Jina la Komredi alilipata kwenye mkutano wake wa kwanza wa wafanyakazi. Viongozi walizungumza kwa saa mbili. Walisema kiwanda ni chetu, jasho ni letu, kesho ni yetu. Wakauliza kama kuna swali. Yule kijana akasimama, mrefu, masikio makubwa, akasema, "Komredi meneja, kama kiwanda ni chetu, mbona bomba la maji ya kunywa limekatika tangu mwezi uliopita na sisi wenyewe hatuna habari litatengenezwa lini?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Meneja hakucheka. Lakini bomba lilitengenezwa kesho yake, na jina likabaki.

Baadaye akawa fundi wa pampu, akawa anatembea na spana mfuko wa nyuma. Kanisani, msibani, sokoni, spana ipo. Mjane amenisimulia akilia na kucheka kwa pamoja: "Siku ya harusi yetu tunapigwa picha, nahisi kitu kigumu kiunoni kwake. Namnong'oneza, bwana, nini hicho? Ananiambia, pampu ya mapipa haijakaa vizuri, wanaweza kuniita. Siku ya harusi!"

Yule mjane ni mdogo wake Mnyapara. Hapo ndipo ushemeji ulipoanzia. Komredi alioa nyumbani kwa rafiki yake. Nasema rafiki yake, wasikilizaji. Muishike hiyo.

Sasa niwaeleze shimo, maana bila shimo hamtaelewa kitu.

Kiwandani kuna mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka, ndani yake ngozi zinalowa kwenye chokaa na dawa. Maji yakimwagwa yanapita mferejini, yanaingia kwenye shimo. Shimo lina kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwenzake. Lina mdomo mdogo, wa kupita mtu mmoja, na ngazi ya chuma. Chini mnajikusanya tope, nywele, vipande vya nyama. Kule chini kuna pampu. Kila mwezi pampu inaziba. Kila mwezi lazima mtu ashuke aizibue.

Na tope lile likikaa linatoa hewa mbaya. Inanuka kama mayai yaliyooza. Hewa hiyo inaua.

Zamani, wasikilizaji, hakuna aliyeshuka peke yake. Kulikuwa na utaratibu. Anayeshuka anafungwa kamba kifuani, chini ya makwapa. Juu anabaki mtu mmoja, na kazi yake ni moja tu: kushika kamba. Haendi kunywa maji. Haendi kuitwa ofisini. Anaitwa mtu wa juu. Na yule wa chini ana sharti moja: lazima aongee. Aongee muda wote, bila kukata. Akinyamaza kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, mtu wa juu hamwulizi tena. Anavuta.

Nirudie. Kamba. Mtu wa juu. Maongezi.

Komredi na Mnyapara ndio walikuwa jozi ya shimo. Vijana wawili, leo mmoja chini mwingine juu, mwezi ujao wanabadilishana. Mwanzoni walikuwa wanaimba. Lakini Mnyapara sauti yake ni mbaya, Komredi akakataa. Wakasimuliana habari za mpira, zikaisha. Wakasimuliana habari za wasichana, Komredi akamposa dada wa mwenzake, na habari hizo nazo zikafa hapo hapo, kwa heshima. Sasa wataongea nini saa nzima? Mtu yuko chini kwenye tope, lazima aongee, la sivyo anavutwa kama ndoo.

Ndipo wakaanza kubishana mambo ya ujamaa na ubepari.

Mlinzi wa lango, ambaye ni mtu mzima, anawakumbuka vizuri. Anasema ungepita karibu na shimo ungesikia sauti inatoka ardhini: "Kiwanda ni cha wafanyakazi!" Na wa juu anajibu, "Cha wafanyakazi gani? Wale walioleta buti za namba kumi na mbili kwa kila mtu, hata kwa akina mama?" Sauti ya ardhini inajibu, "Buti kubwa ni kosa la mtu wa ghala, si kosa la ujamaa!" Wa juu anasema, "Na mtambo uliolala miezi minne kwa kukosa beringi moja, nalo kosa la mtu wa ghala?" "Tajiri wako yeye angeleta beringi, angeondoa watu!" "Bora aondoe watatu, mia wapate kazi!" "Wewe utakuwa wa ngapi kati ya hao watatu, shemeji?"

Hivyo hivyo. Miaka. Watu wakadhani wanachukiana. Wakitoka shimoni wanaendelea kubishana kwenye chai, kwenye foleni ya choo, njiani kurudi nyumbani. Mjane anasema mumewe alikuwa akirudi na hoja mpya anaijaribu kwake kwanza: "Mke wangu, nikimwambia hivi kaka yako atajibuje?" Naye anamwambia. Na jioni kaka mtu anapita pale pale kumwuliza dada yake, "Huyo mumeo kesho amejiandaa kusema nini?" Anacheka mama wa watu. "Nilikuwa nawauzia silaha wote wawili," anasema.

Lakini nisiwadanganye kwamba zamani zile zilikuwa nzuri. Mnyapara ameniambia, na mimi nimemwamini, kwamba kushika kamba ndiko kulikoharibiwa kwanza, na kuliharibiwa enzi hizo hizo za kiwanda chetu jasho letu. Kazi ile ilianza kupewa ndugu wa wakubwa. Mtu analetwa, hajui lolote, anaambiwa kaa pale ushike kamba. Anaifunga kamba kwenye nguzo, anakwenda kupiga soga kivulini. Ikafika mahali mtu mvivu akitaniwa anaambiwa, "Wewe mshika kamba." Likawa tusi. Komredi alipiga kelele mikutanoni kuhusu jambo hilo. Aliambiwa anawavunja moyo wenzake. Mara mbili alitolewa nje ya mkutano wa wafanyakazi, na wafanyakazi.

Halafu kiwanda kikauzwa. Akaja tajiri, mwenye meneja wake mpya, mwenye saa mkononi na ubao wa kuandikia. Nitasema haki: mitambo ilizunguka. Beringi zilikuja. Mishahara ilikuwa haichelewi. Mnyapara alifurahi, akafanywa msimamizi wa zamu, akamwambia shemeji yake, "Umeona?" Na Komredi akasema, "Nimeona. Ngoja tuone wote."

Meneja alipita kila idara akiandika kila mtu anafanya nini. Akafika shimoni. Akamkuta mtu amesimama na kamba mkononi. Akauliza, "Huyu anafanya nini?" Akaambiwa, anashika kamba. Akauliza, "Na baada ya hapo?" Akaambiwa, anashika kamba tu. Meneja akasema neno ambalo limebaki pale kiwandani mpaka leo: "Kusimama si kazi." Akapiga mstari kwenye karatasi yake. Mtu wa juu akafutwa.

Na hapa wasikilizaji mnisikilize vizuri. Karibu hakuna aliyebisha. Kwa sababu kila mtu alikwisha kuzoea kucheka washika kamba. Wazembe wa zamani waliifanya kazi ile ionekane uzembe, na meneja mpya akaona uzembe, akaukata. Aliyebisha alikuwa Komredi peke yake. Wakamwambia, "Mzee, yale yamepita." Na aliyepewa amri ya kuikusanya kamba na kuiweka ghalani alikuwa Mnyapara.

"Niliikunja mwenyewe," ameniambia. "Nikaiweka nyuma ya magunia ya chumvi. Shemeji yangu alikuwa amesimama pale ananitazama. Nikamwambia, usinitazame hivyo, hata wewe unajua ilikuwa kazi ya kusimama tu. Hakunijibu. Yule mtu hajawahi kukosa jibu maisha yake yote. Siku hiyo alikosa."

Baada ya hapo walishuka vibarua wa kutwa. Mtu anachukuliwa langoni asubuhi, haulizwi hata jina, anapewa namba na ndoo. Mara nyingine Komredi alikuwa anaacha kazi yake, anakwenda kusimama kwenye mdomo wa shimo bila kutumwa, anamwambia kibarua, "Ongea, mwanangu. Nisimulie chochote. Nyumbani kwenu mko wangapi?" Alikatwa mshahara mara ngapi kwa kosa la kuondoka kwenye pampu zake, hilo mjane anajua. Na binti yangu alipoajiriwa, kitu cha kwanza alichofundishwa na Komredi hakikuwa spana. Alimwambia, "Mwanangu, ukishuka, piga domo. Msichana mnyamavu hapa hatumtaki." Binti yangu alicheka akaja kunisimulia. Mimi nikasema huyo mzee ana maneno mengi.

Sasa Jumanne.

Pampu iliziba mapema kuliko kawaida. Mapipa mawili yalikuwa yamejaa, hayawezi kumwagwa, ngozi zitaharibika ndani. Vibarua wawili walipelekwa shimoni. Wakachungulia, wakakataa. Walisema hawashuki bila mtu wa juu. Sijui walilipata wapi neno hilo, lakini nadhani mnajua walilipata kwa nani.

Meneja alipiga simu kwa Mnyapara: dakika kumi, shimo liwe limezibuliwa. Mnyapara akaja shimoni amevimba kwa hasira. Komredi alikuwa pale. Binti yangu alikuwa pale. Mlinzi wa lango aliitwa kuja kuwaondoa wale vibarua wawili, naye alikuwa pale. Mashahidi ni binti yangu, mlinzi na Mnyapara mwenyewe, na wote watatu wamesema kitu kimoja.

Komredi alisema, "Toa mtu mmoja tu ashike kamba, shemeji. Mimi nitashuka."

Mnyapara akasema, "Mtu yupi? Kila mtu ana kazi yake. Na wewe ndiye uliyewajaza hawa maneno."

"Nimewajaza hewa ya kuvuta."

"Wewe na ujamaa wako mtanifukuzisha kazi!"

"Basi shika kamba wewe. Kama zamani."

Mnyapara akanusa mdomo wa shimo. Akasema, "Halinuki hata. Leo halinuki kabisa."

Hapa nisimame kidogo. Hewa ile, ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Husikii tena harufu. Watu wa kiwanda cha ngozi wameishi na harufu ile miaka mingi, na kosa lao, kosa ambalo mtu wa nje asingelifanya kwa sababu asingesogea hata karibu, ni kudhani harufu ikiisha hatari imeisha. Ni kinyume. Harufu ikiisha, kimbia.

Mnyapara hakukimbia. Alikunja suruali. Akasema, "Nitawaonyesha kwamba mtu anaweza kushuka na kupanda bila kuwekewa matanga." Akakanyaga ngazi.

Komredi akasema, "Basi ongea. Ukishuka, ongea, shemeji."

Na Mnyapara akajibu, "Leo sina maneno na wewe."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Komredi. Ameniambia mwenyewe, amegeukia ukutani: "Nilinyamaza kwa kumkomoa. Nilijua kinachomuuma ni kimya. Nikamnyima."

Akashuka. Kimya. Komredi akapiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akaanza kuita. Binti yangu anasema aliita kwa mzaha kwanza: "Shemeji, sema ubepari ni mzuri! Sema leo nimekubali!" Kimya. Halafu sauti ikabadilika. "Sema lolote! Nitukane!" Kimya. Wakasikia kitu kizito kinaanguka kwenye tope.

Komredi alimwambia binti yangu, "Kimbia ghalani, nyuma ya magunia ya chumvi." Miaka yote hiyo hakuwa amesahau ilipowekwa. Binti alikimbia. Ghala lilikuwa limefungwa, mwenye funguo alikuwa ofisini. Aliporudi mikono mitupu, Komredi alikwisha kuvua shati, amelilowesha maji, amelifunga usoni. Shati la maji halizuii hewa ile, wasikilizaji. Halizuii kitu. Alivuta pumzi moja kubwa, akashuka.

Alimkuta shemeji yake. Alimwinua. Mlinzi anasema waliona kwanza mikono ya Mnyapara inatokeza, imelegea, kama mtu anayesukumwa kutoka chini. Wale vibarua wawili wakamshika makwapani wakamvuta. Akatoka. Na chini yake, kwenye ngazi, uso wa Komredi ulikuwa unaonekana. Pumzi moja ile ilikuwa imekwisha. Alifungua mdomo. Mlinzi anaapa alifungua mdomo ili aseme kitu. Alivuta ile hewa mara moja tu. Akaachia ngazi.

Na binti yangu, mtoto wangu niliyemzaa, alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja shimoni.

Mlinzi wa lango alimkamata kwa aproni. Akamvuta. Binti akampiga, akamng'ata mkono, kidonda nimeonyeshwa. Yule mzee akamwangusha chini akamkalia. Alimkalia mpaka watu wa zimamoto walipofika na vifaa vyao vya kupumulia. "Nisamehe, mama," ameniambia yule mlinzi, "nilimkalia mwanao kama gunia." Nilimshika miguu.

Mnyapara alizinduka hospitali. Komredi alitolewa amekwisha kufa.

Hakuna aliyesukumwa, wasikilizaji. Hakuna mashati yaliyokunjwa. Lakini karatasi ilibandikwa langoni kabla hata mwili haujafika nyumbani, imeandikwa kwamba ajali imetokana na ugomvi binafsi baina ya ndugu. Sisemi uvumi ulianzia wapi. Nasema karatasi niliiona, na nilisaidia kuisambaza kwa ulimi wangu.

Watu wananiuliza, Mama, wewe uko upande gani, wa Komredi au wa Mnyapara? Mimi sijui. Kiwanda kikiwa chetu, tulimwacha mtu wa juu asinzie. Kikiwa cha tajiri, tajiri akamfukuza. Wanaojua vitabu wabishane, nami nitawasikiliza, maana nimejifunza kwamba kubishana si kubaya. Wale wawili walibishana miaka kumi na mbili shimoni, na miaka yote hiyo hakuna aliyekufa. Kila neno lililotoka chini lilikuwa linamwambia wa juu, bado napumua. Siku waliyoacha kubishana ndiyo siku aliyokufa mtu.

Nilimweleza Mnyapara jambo hilo. Alilia mpaka mke wake akaniomba nitoke nje kidogo.

Sasa niwaambie kwa nini nimeyasema haya leo, nisingoje hata arobaini. Keshokutwa, Jumatatu, shimo linazibuliwa tena. Mapipa yamejaa. Majina yamebandikwa ubaoni, na jina la kwanza ni la binti yangu, kwa sababu sasa ndiye fundi pampu aliyebaki.

Nilimwambia aache kazi. Ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. "Mama, nisiposhuka mimi watamshusha kibarua asiyejua hata ngazi iko upande gani."

Nikamwambia, "Na akianguka mtu mbele yako tena?"

Akasema, "Nitamfuata."

"Baada ya yote uliyoyaona?"

"Komredi alimfuata shemeji yake."

Nimekuwa mama kwa miaka mingi. Nimeogopa surua, nimeogopa barabara, nimeogopa wanaume. Sijawahi kuogopa kitu kama moyo mwema wa mwanangu.

Jana mlinzi wa lango alikuja nyumbani amebeba gunia. Ndani yake kulikuwa na kamba. Ile ile. Imekauka, ina vumbi la chumvi, lakini ni nzima. Nyuma yake alikuwa Mnyapara, anapumua kwa shida, ameshikilia ukuta. Amesimamishwa kazi. Alimwambia binti yangu, "Jumatatu nitasimama mimi juu."

Binti akamwambia, "Hawatakuruhusu. Huna kazi pale."

Akasema, "Si wamesema kusimama si kazi? Basi siendi kufanya kazi. Naenda kusimama."

Binti yangu akamtazama. Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki. Akasema, "Mimi ujamaa siujui vizuri, mjomba. Nitakuwa naongea nini saa nzima?"

Mnyapara akafuta uso. Akasema, "Nitakufundisha alivyokuwa anasema yeye. Yote nayakumbuka. Mimi nitajibu."

Wale vibarua wawili nao watakuja. Mjane amesema atakuja. Mimi nitakuwa langoni tangu saa moja asubuhi, na kama mlinzi hataniona nikipita, hiyo ni bahati yangu.

Kwa mjane, dada yangu, pole. Pole tena. Nisamehe kwa nililolisema nikianika nguo. Kwa watoto wenu watatu, baba yenu hakufa kwa ugomvi. Alikufa akimsukuma mjomba wenu juu kwenye hewa. Kwa Mnyapara, pole nawe, Mungu akupe kifua. Kwa mlinzi wa lango, mkono upone.

Na wewe unayenisikiliza, kwenye kiwanda, mgodini, kisimani, kwenye tangi, uwe mwenye mali au mwenye ndoo, zima kila kitu kwa dakika moja ufikirie: juu yako kuna nani? Na wewe uko juu ya nani? Kisha chukua karatasi uandike haya, umpe mwanao.

Usishuke shimoni wala tangini bila kamba mwilini.

Usishuke kama hakuna mtu wa juu, hata wakikuambia ni dakika kumi.

Usiamini pua yako. Harufu ikiisha, usiseme pamekuwa salama.

Usitegemee shati la maji.

Usimfuate aliyeanguka kwa mikono mitupu. Vuta kamba, piga kelele, ita zimamoto. Najua moyo utakataa. Usiusikilize.

Usimcheke anayeshika kamba. Na wewe uliyepewa kamba, usiifunge kwenye nguzo.

Usifungie kamba ghalani, funguo zikakae ofisini.

Usipeleke uvumi kwa jirani wakati wa kuanika nguo, wala wakati mwingine wowote.

Usimnunie mtu ambaye uhai wake uko mikononi mwako, au wako mikononi mwake.

Usinyamaze ukiwa chini.

Na wewe mwanangu, Jumatatu, hata kama huna hoja, hata kama umekasirika, hata kama unaona aibu kwamba mama yako yuko pale juu anasikia, usininyamazie.